Kilio cha Alhamisi

Walisema sitaweza. Naanzia hapo kwa sababu wengi wao wangali hai, na wakisoma watajijua.

Mwenye ukumbi, ambaye tulikalia naye dawati moja shule ya msingi, alisema mtu haanzi kuandika tamthilia akiwa na miaka sitini na moja, kama asivyoanza kunyonya. Jirani yetu fundi cherehani alisema nitaandika kurasa kumi, nitachoka, kisha nitafungua duka la saruji na mabati kama wote wanaorudi kutoka ng'ambo. Wazee wenzangu wa kijiwe cha kahawa walisema hakuna mtu wa Tabora atakayetoa nauli ya bodaboda kwenda kutazama vibibi wakizungumza. Hayo yote niliyameza. Lililonikwama kooni ni la mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu, ambaye alilisema huku anachambua mchele, hata uso hakuinua:

"Wewe ambaye hukumlilia mama yako, ndiwe utakayewafundisha wanawake kulia?"

Niliweza. Ila sikuweza kwa namna niliyotaka, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika haya.

Niliondoka Tabora kwa treni nikiwa na miaka ishirini na mbili na cheti cha kidato cha nne chenye alama nisizopenda kuzitaja. Nilihangaika huku na kule, mwisho nikaangukia nchi ya baridi, na huko kwa miaka kumi na tisa nilifagia ukumbi wa michezo ya kuigiza. Nilijua kufagia polepole. Wakati wa mazoezi nilianzia safu ya nyuma kabisa, na safu ile moja iliweza kunichukua saa nzima, ufagio mkononi, macho jukwaani. Nilipofika miaka hamsini na nne nilijiandikisha masomo ya jioni. Darasani niliketi na watoto wenye umri wa wajukuu wangu kama ningekuwa nao. Baada ya miaka minne nikapata stashahada ya sanaa za maonyesho, kwa lugha ya watu, bila mjomba wa kunishika mkono. Stashahada hiyo iko ukutani kwangu, ndani ya fremu ya mninga niliyoichongesha hapa hapa mjini, na mgeni yeyote anayeketi sebuleni hana budi kuitazama. Viti nilivipanga hivyo makusudi.

Kule nilikofagia niliona wanawake wa miaka sabini wakishika jukwaa saa mbili nzima. Walikuwa wanapenda, wanadanganya, wanadai talaka, wanacheka mpaka wanashika kiuno. Nikawa najiuliza: kwetu bibi anafanya nini jukwaani? Anakohoa. Anaroga. Anatoa methali moja halafu anakufa ili kijana apate sababu ya kusafiri. Tena hata huyo wa kukohoa haigizwi na bibi. Ni msichana wa miaka ishirini na mbili, kapakwa unga wa ngano kichwani, kapindishwa mgongo, kapewa fimbo. Watazamaji wanacheka fimbo inapotetemeka. Nilirudi nyumbani nikiwa na nia moja: kuandika mchezo ambao wahusika wote ni wanawake waliopita miaka sitini, na waigizaji wawe wanawake waliopita miaka sitini. Hilo ndilo nililotaka. Sikutaka duka la saruji.

Sasa nilichokiandika. Wanawake watatu wamekaa uani. Wametoka kumwosha wa nne, rafiki yao. Wanaume wako nje, jeneza linasubiriwa, na wao wana muda mfupi wa kusema ukweli kuhusu marehemu kabla hajabebwa. Wanabishana, wanacheka, wanafichuana. Marehemu ana mtoto mmoja wa kiume, yuko mbali, hatafika. Watu wameniuliza kama mtoto yule ni mimi. Nimewajibu kwamba fasihi haifanyi kazi hivyo. Ndivyo tulivyofundishwa kujibu.

Mama alifariki mwaka wa kumi na moja wa ufagio wangu. Simu iliponifikia kazini alikuwa amekwisha kuoshwa. Sisi ni watu wa mjini, Waislamu wa siku nyingi, na mtu akifa alfajiri alasiri yuko kaburini. Hata ningemiliki ndege nisingewahi. Nimewaambia watu hivyo mara nyingi na ni kweli. Ambalo sikuwaambia ni kwamba sikuja arobaini, sikuja mwaka uliofuata, wala uliofuata huo. Nilituma pesa, nikaomba wanitumie picha za mazishi. Mama mdogo alinijibu kwamba siku ile hakukuwa na mtu mwenye mkono mtupu wa kushika kamera.

Basi nikawatafuta waigizaji. Wa kwanza nilimpata sokoni, mjane mwenye asili ya Usinge, anauza asali katika chupa za maji ya kunywa. Nilimsikia akikataa bei ya mteja, nikasimama. Sauti ile ingefika safu ya nyuma ya ukumbi wowote duniani bila kipaza sauti. Wa pili alikuwa mama wa Ulyankulu, wa zile familia zilizokuja zamani kutoka Burundi, mkatoliki, mwanakwaya kwa miaka arobaini, ambaye sasa anakaa mjini kwa binti yake. Wa tatu ni mama mdogo mwenyewe. Hakukubali kwa kupenda sanaa. Mazoezi yalikuwa yanafanyika uani kwake, na alisema hawezi kukaa jikoni akasikia watu wanasema ovyo nje akanyamaza.

Kati ya watatu hao mama wa Ulyankulu peke yake ndiye aliyeweza kusoma vizuri, akiwa na miwani. Kwa hiyo yeye alisoma, wenzake wakarudia, huku mikono ya wote inamenya karanga za mama mdogo. Kule nilikosomea waigizaji hupewa wiki sita kukariri. Hawa walikariri kwa siku tisa, na mabeseni mawili ya karanga yakaisha. Lakini hawakukubali kila nilichoandika.

"Mwanangu," alisema mwenye asali, "hapa naambiwa niseme moyo wangu umejaa huzuni isiyo kifani. Nani huyo anayesema hivi?"

"Ni mhusika wako, mama."

"Ana miaka mingapi?"

"Sitini na nane."

"Amesimama tangu alfajiri?"

"Ndiyo. Ameosha maiti."

"Basi mtu huyo hana habari ya moyo. Ana habari ya magoti. Anasema, 'Nipisheni nikae.'"

"Mama, mambo haya nimeyasomea."

"Tumeona, iko ukutani. Sasa andika nipisheni nikae."

Niliandika. Mstari huo ndio unaosifiwa kuliko yote niliyowahi kuandika, na kwa muda mrefu nilizipokea sifa zake bila kusema ulikotoka.

Tatizo lilikuja ukurasa wa kumi na nane. Pale niliandika neno moja tu: wanalia. Mama wa Ulyankulu alilisoma kama lilivyo, akafungua ukurasa uliofuata.

"Hapa mnalia," nikasema.

"Tumesoma," akajibu mama mdogo. "Wanalia. Endelea mbele."

"Si kusoma. Kulia kwenyewe. Kwa sauti."

"Nani amekufa?"

"Rafiki yenu. Kwenye mchezo."

"Kwenye mchezo hajafa mtu. Kulia bila maiti ni uchuro. Unaita."

Nikaanza kufoka. Nikawaambia huo ni ushirikina, na kwamba nimeona kwa macho yangu mwanamke akilia jukwaani kila usiku miezi minne mfululizo na hakuna aliyekufa.

"Hakuna unayemjua wewe," alisema mwenye asali.

Mama wa Ulyankulu alivua miwani akaifuta kwa kitenge. Alikuwa mpole kuliko wenzake, na kwa hiyo aliniumiza zaidi. "Mimi nimezika njiani, mwanangu," alisema. "Nikiwa na miaka tisa. Kilio sikichezei."

Siku chache baadaye, Jumanne, mwenye ukumbi alikuja kutazama mazoezi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akala karanga, akasikiliza mpaka mwisho. Walipofika ukurasa wa kumi na nane wale wanawake walipita kama mtu anayeruka dimbwi. Alinivuta pembeni, penye kamba ya nguo.

"Wanasema vizuri. Lakini kilio kiko wapi?"

"Kitakuja."

"Ndugu yangu, watu hawalipi kiingilio kuja kusikia bibi anasema nipisheni nikae. Wanalipia machozi. Jumamosi nitarudi. Nikute kilio. Kama hakuna, nina wasichana wangu pale, nikihesabu moja mpaka tatu wanalia. Unga wa ngano ninao."

Nilimjibu kwa maneno makubwa siku ile. Nilimwambia sikusoma miaka minne ili kuwapaka watoto unga. Lakini Jumatano alinipigia simu. Alisema bango limekwisha chorwa, ukumbi una viti mia tatu na taa za rangi, na jina langu litakuwa juu kabisa peke yake na neno mwandishi. Alisema niamue sasa hivi, wasichana au hapana. Nilisema ndiyo. Naliandika hapa kwa mara ya kwanza. Wale wanawake hawakuwahi kujua kwamba kwa siku mbili nilikuwa nimewauza.

Alhamisi nilikwenda kuwaambia. Nilikuwa nimepanga sentensi tatu nzuri za kuwashukuru. Nilifika baada ya alasiri, nikamkuta mwenye asali na mama wa Ulyankulu uani, mama mdogo yuko jikoni anasonga ugali. Walinikaribisha, wakaniwekea michembe ya viazi vilivyokaushwa, na mwenye asali akanionyesha khanga mpya aliyonunua kwa ajili ya onyesho. Alisema ameinunua rangi iliyokoza ili hata watu wa nyuma wamwone. Sentensi zangu tatu zikaniishia mdomoni.

Ndipo nikajidanganya kwamba bado kuna njia. Wakilia leo, kesho nitampigia simu mwenye ukumbi. "Mama zangu," nikasema, "mara moja tu. Si lazima kilio cha kweli. Ni ufundi. Pumzi inatoka tumboni, koo unaliachia, mabega yanafuata. Ngojeni niwaonyeshe."

Nikasimama katikati ya ua. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikatoa ya kwanza. Ilikuwa nzuri, ya kitaalamu. Nikatoa ya pili, nikaitia maneno: "Mama yangu ee! Mama yangu!" Hiyo nayo niliipanga. Ya tatu sikuipanga. Nilifungua mdomo na kilichotoka sikukijua, nikajikuta chini kwenye maganda ya karanga nasema nani atanipokea, mama, nani atanipokea, na sikuweza kunyamaza. Mwenye asali alinitazama kidogo. Kisha mikono yake ikaenda kichwani yenyewe, kama mikono ya mwanamke yeyote wa hapa anayemwona mtu mzima ameanguka chini, akapiga yowe lake, lile la kufika safu ya nyuma. Mama wa Ulyankulu akamfuata.

Sasa fikiria mtaa wetu. Nyumba zimegusana. Ni nyumba ya mwanamke wa miaka sabini na minne ambaye juzi alilalamika presha. Sauti ya mwanawe aliyerudi inasikika inaita mama yangu, na wanawake wawili wanapiga mayowe. Shehe wetu hutukataza mayowe kila mwaka, na kila mwaka tunapiga, kwa hiyo kila mtu anajua maana yake.

Wa kwanza kuingia alikuwa mke wa fundi cherehani, khanga kaifunga kiunoni, jamvi begani, tayari analia. Nyuma yake akaja mwenye ndoo ya maji, na mwingine, na mwingine. Wakaja wenye kuni kichwani. Akaja mwenye unga. Sufuria kubwa ya mtaa, ile ya shughuli, ikaingia imebebwa na wanawake wawili. Mlango wa uani ukawa mdogo. Fundi mwenyewe aliingia na chepe begani, akaniinua kwa mkono mmoja, akaniuliza taratibu, "Anazikwa leo au kesho?" Msikitini, nilikuja kuambiwa, jeneza lilikuwa limekwisha kushushwa.

Kelele zilikuwa nyingi mno hata hakuna aliyetazama jikoni. Mama mdogo alitoka na mwiko mkononi, una ugali nchani. Akasimama mlangoni. Akatutazama.

"Nani amekufa?"

Mayowe yakakatika. Mwanamke mmoja akakaa chini ghafla. Fundi akateremsha chepe.

"Dada," alisema, "kwa habari tulizonazo sisi, ni wewe."

Mama mdogo alimtazama, akatazama kuni, maji, jamvi lililokwisha tandikwa. Mke wa fundi, machozi bado mashavuni, ndiye aliyepata sauti.

"Shikamoo, marehemu."

"Marahaba. Hamjambo? Mtaniunguzia ugali."

Walicheka, na wapo waliocheka mpaka wakalala juu ya jamvi lao wenyewe. Kisha kicheko kiliisha na wote wakanigeukia mimi. Nikaeleza kwamba yalikuwa mazoezi.

"Mazoezi ya nini?" aliuliza mwenye ndoo. "Ya kufa?"

Niliomba radhi. Nikafanya kosa jingine papo hapo: nikawaambia wachukue vitu vyao warudi navyo, mzigo nitawasaidia kuubeba. Ua mzima ukanitazama kama mtu aliyetukana. Mama mdogo akafumba macho kwa aibu. Nilikuwa nimesahau, au miaka ya baridi ilikuwa imenifuta, kwamba mzigo uliokwenda msibani haurudi na aliyeubeba. Ukirudi nao nyumbani umeubeba msiba unaupeleka kwako. Wakaviacha. Kuni, unga, maji, hata chumvi. Mama mdogo akabaki na ua uliojaa matanga yake mwenyewe.

Kabla hawajatawanyika aliwazuia kwa mkono. Alinisogeza mbele yao, akaanza kuwaonyesha kwa mwiko, mmoja mmoja, bila daftari, bila kukosea.

"Huyu alichota maji ya kumwoshea mama yako. Huyu alilala hapa siku tatu, mtoto wake ana surua nyumbani. Huyu alileta kuni, na leo kaleta tena. Fundi alichimba, tena ardhi ilikuwa kavu, mikono ilimtoka damu. Wote hawa walikukopesha wewe, kwa sababu kazi ilikuwa yako. Leo umewakopa mara ya pili, kwa kilio cha mchezo. Utawalipa."

"Nitawalipa, mama."

"Si kwa zile pesa ulizokuwa unatuma."

Ijumaa asubuhi nilikwenda ukumbini nikasema hapana. Mwenye ukumbi alikuwa amekwisha kusikia, mji mzima ulikuwa umesikia. Alicheka mpaka akakohoa. "Onyesho lako umelifanya jana, bure," alisema. "Watu wamejaa na kiingilio hukutoza." Nilimwambia nataka wanawake wangu, uani, bila taa zake. Aliinua mabega. Miezi miwili baadaye alionyesha mchezo wake mwenyewe, wa bibi watatu msibani, ambao mmoja wao anafufuka. Wasichana, unga wa ngano, fimbo tatu zinatetemeka. Viti mia tatu vilijaa siku nne. Nililipa kiingilio, nikakaa safu ya nyuma, mahali pangu pa zamani. Watu walilia machozi ya kucheka. Hadi leo wapo wanaonipongeza kwa mchezo ule, na nimechoka kuwasahihisha.

Lakini kabla ya hapo ilikuwa siku yetu. Mama mdogo aliamua kwamba vile vitu lazima viliwe na waliovileta, na kwamba vitaliwa katika hitma ya dada yake, ambayo mwanawe alipaswa kuiandaa tangu miaka mingi. Mbuzi nilimnunua kijijini Choma nikamleta mwenyewe. Kuni zilikuwapo. Jumapili iliyofuata kisomo kilikwisha adhuhuri, na kabla ya chakula wanawake watatu wakakaa katikati ya ua, juu ya lile jamvi, wakaanza. Hapakuwa na jukwaa. Wapo waliodhani mwanzoni ni mazungumzo tu, wakataka kuchangia, na mke wa fundi akachangia kweli mara mbili. Mwenye asali alimjibu bila kutoka kwenye mhusika wake. Hilo hawalifundishi mahali popote, na mimi nimesoma.

Walifika ukurasa wa kumi na nane. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni. Mama mdogo alisimama katikati, akasema, "Nipisheni nikae." Wakampisha. Akakaa. Mwenye asali akachukua karanga moja akaimenya. Mlio wa ganda lile niliusikia. Watu zaidi ya arobaini, watoto, kuku, mbuzi yuko kwenye sufuria, na kilichosikika ni ganda la karanga. Hakuna aliyelia kati ya wale watatu. Mbele yao, mwanamke mwenye ndoo alikuwa ameshika mdomo kwa khanga.

Nilisema hapo juu kwamba niliweza. Ni siku hiyo. Niliandika mchezo wa wanawake wazee na wanawake wazee wakaucheza, mara moja, mbele ya watu arobaini na kitu, na hakuna bango lililowahi kuchapwa. Waliosema sitaweza walikuwa wamekaa pale wanausubiri wali.

Kisha nikalipa. Nilichukua birika na beseni nikapita kwa kila mmoja nikiwanawisha mikono, na mama mdogo akanifuata nyuma ananiambia nani alifanya nini, ingawa sasa nilikuwa nimekwisha kuwajua. Kwa mwenye maji nikasema asante kwa maji. Kwa aliyelala siku tatu nikasema asante kwa siku tatu. Aliyeleta jamvi siku ya msiba wa mama alikuwa amekufa mwenyewe, na binti yake alikuja, nikamnawisha binti. Walinipokea vizuri. Wengine walinitania kwamba nalia vizuri kuliko ninavyonawisha.

Fundi cherehani aliweka mikono yake magotini, hakuinyoosha.

"Unalipa nini?" aliuliza.

"Kaburi la mama."

"Mimi sikukukopesha wewe kitu. Nilimzika jirani yangu. Kama ungekuwapo, ningekunyang'anya chepe."

Nilisimama na birika langu. Mtu asiyekubali kulipwa ndiye mdai mbaya kuliko wote. Mwishowe alinyoosha mikono, kwa sababu chakula kilikuwa kinaletwa, nikamimina. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano. Hakusema asante, wala mimi sikungoja.

Akabaki mama mdogo. Alikaa kwenye kibao chake cha jikoni, amechoka, bado amevaa khanga ya mhusika.

"Wewe nikulipe nini?" nikamuuliza. "Wewe ndiye uliyemlilia badala yangu."

Alinyoosha mikono juu ya beseni.

"Mimi ulishanilipa Alhamisi ile," alisema. "Nilikuwa jikoni, nikasikia yote. Ni watu wangapi wanaosikia watakavyoliliwa? Mimi nimesikia. Umelia vizuri, sikutegemea. Ila siku yenyewe ikifika, punguza kidogo. Ulipitiliza."

Nilimwagia maji, polepole, mpaka birika likaisha. Sikumwambia kwamba kilio kile hakikuwa chake. Akakung'uta mikono, akaifuta kwa khanga, akaniambia nimpishe, chakula kinapoa.